Marantz 2230 au Pioneer SX-780, ipi inapiga vizuri?

mtoto_wa_Arua
Wandugu habari. Nimepata risiva mbili za zamani (redio na amplifaya kwenye boksi moja) hapa Kampala, Marantz 2230 na Pioneer SX-780, bei karibu sawa na mfuko wangu unabeba moja tu. Mimi mtu wa rumba, santuri za marehemu baba zipo kreti nzima, na asubuhi lazima redio CBS 88.8 iwe inaongea. Pale dukani Pioneer ilinigonga kifua, Marantz nikaiona imelala. Lakini mtandaoni kila mtu anaimba Marantz Marantz. Nisikilize masikio yangu ama hao watu?

FundiKatwe
Kaka, volyumu zilikuwa sawa? Pioneer ni wati 45 kila upande, Marantz 30, ukipiga hesabu tofauti haifiki hata desibeli 2, yaani ni kidogo sana, lakini hicho hicho kidogo sikio linakiita "sauti nzuri" na wauzaji wanajua. Rudi, spika zile zile, wimbo ule ule, sawazisha volyumu, zima swichi ya laudinesi maana ndiyo inayojaza besi. Halafu zungusha volyumu polepole usikie kama inakwaruza, na bila wimbo usikie kama inavuma. Marantz hiyo sauti inapita kwenye kapasita kubwa (kile kikopo cha kuhifadhi chaji) kabla ya kufika spika, ikishazeeka besi inakonda, kwa hiyo huko "kulala" kunaweza kuwa kapasita tu na dawa yake ipo. Pioneer ya 1978 sehemu yake ya mwisho ya kukuza sauti ni chipu ya STK, ikiungua kupata orijino ni shughuli, feki zimejaa. Mimi kwanza nanunua hali ya mashine, jina baadaye.

mama_santuri
Fundi hapo sikubali, eti jina baadaye! Ninayo 2230 hapa Jinja, ina besi, midi (sauti za kati) na trebo kila moja na kitasa chake, ukipandisha midi kidogo gitaa la rumba linatoka mbele kabisa na mwimbaji unamsikia anavuta pumzi. Na usiku kwa sauti ya chini bado imejaa. Wati 45 za nini kama nyumba ni vyumba viwili, unataka kumfukuza jirani?

boda_hifi
Banange mmesahau umeme. Angalia nyuma, kama imeandikwa 120V tu usichomeke ukutani, hapa ni 240, utasikia harufu kabla ya muziki. Tafuta transfoma ya kushusha. Halafu swali, dukani ulisikiliza santuri ama redio? Maana FM ya Marekani trebo yake inarekebishwa kwa mikrosekunde 75 na huku kwetu ni 50, risiva ya huko ikishika stesheni zetu lazima isikike imefunikwa blanketi. Kwenye santuri hiyo shida haipo.

mtoto_wa_Arua
Eeh! Ilikuwa redio tupu, jamaa hana plea ya santuri. Na Marantz ndiyo ina 120V na kitransfoma pembeni, Pioneer nyuma ina swichi ya kuchagua volteji. Basi kesho nabeba plea yangu kwenye boda narudi pale, na laudinesi nitazima zote mbili.

FundiKatwe
Plea kwenye boda?? Funga ule mkono kwanza, toa sahani yake uibebe peke yake, na sindano uivalishe kifuniko. Ukifika nipigie picha za nyuma za zote mbili.