Koleo la theluji au beleshi la kawaida kwa kuzolea mahindi?

Mzee_wa_Debe: Mbukwenyi wakuu. Kuna jamaa hapa Kibaigwa ana makoleo ya theluji, yamekuja na mitumba. La plastiki anataka 18,000, la aluminiamu 35,000. Beleshi la chuma dukani ni 12,000. Nimelijaribu la plastiki kwenye lundo la mahindi: linachota karibu nusu debe na mkono hauchoki. Lebo imeandikwa waranti ya maisha, na muuzaji anaapa likivunjika nitapewa jipya. Kweli, au ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa?

Fundi_Changombe: Upewe na nani mkuu? Yeye mwenyewe wiki ijayo atakuwa anauza viatu.

Mjukuu_wa_Kongwa: Nimekaa Minnesota misimu minne ya baridi, nimezoa theluji mpaka kiuno kikagoma. Isome tena hiyo lebo. Marekani wana sheria ya 1975, Magnuson-Moss: waranti ya maandishi kwa bidhaa inayozidi dola 10 lazima iseme kama ni kamili au ina mipaka. Yako bila shaka ina mipaka. Mara nyingi hizo ni za kasoro ya kiwandani tu, kwa mnunuzi wa kwanza, mwenye risiti, anayetumia nyumbani kwake. Wewe umeanguka kote: koleo ni mtumba, risiti huna, mahindi ni ya biashara. Na hayo “maisha” wakati mwingine ni ya koleo, siyo yako 😂

Ila kwa nafaka chukua la plastiki. Chuma kinakata punje, na aluminiamu ikigonga jiwe ukingo unajikunja. Tafuta lenye ukanda wa chuma pale mbele, maana plastiki tupu ikiburuzwa kwenye sakafu ya saruji inalika haraka. Usiliache juani, litakauka lipasuke.

MamaZabibu: Na usimwazime mtu wa shamba! Kijana wangu alilichukua la namna hiyo kuchimbia mashimo ya mizabibu huku Mpunguzi, mwezi wa tisa, ardhi imekauka kama tofali. Alilikanyaga mara moja tu, ribiti zikaachia, akabaki na mpini mkononi ananitazama. Huko ni sururu kwanza, beleshi baadaye.

Fundi_Changombe: Mimi waranti yangu ni duka ninaloweza kurudi kwa miguu. Beleshi langu lilipasuka mpini wiki ya pili. Muuzaji akanionyesha kibao, “mali ikiuzwa hairudishwi”. Nikatoa risiti ya EFD, nikamuuliza kama anajua Tume ya Ushindani, wale wanaolinda wanunuzi. Mpini mpya ulipatikana kabla sijamaliza soda.

Mzee_wa_Debe: Asanteni wakuu. Nimechukua la plastiki lenye ukanda wa chuma. Nilimwambia waranti abaki nayo, akashuka hadi 13,000. Mlinzi wa ghala ameshaniuliza kama ni la kulishia ng'ombe.