Shimla kwa miguu: nilipe mtembezaji au nizunguke mwenyewe?

Mtoto wa Section 58 (Nakuru)
Hamjambo wote. Mdogo wangu anasoma Chandigarh, India, na Desemba hii mimi na mama tunakwenda kumwona. Anataka tupande naye hadi Shimla, ule mji wa milimani, tulale siku mbili. Nimeona kuna wenyeji wanaowatembeza wageni kwa miguu asubuhi nzima wakiwaeleza historia ya mji. Bei si ya kutisha, lakini tuko watatu na nauli ya ndege imeshatukausha. Kuna yeyote hapa aliyewahi kutembezwa hivyo? Ataniambia nini ambacho siwezi kukisoma kwenye simu? La pili: mama ana miaka 62 na goti la kulia linamsumbua. Atauweza ule mlima?

Msafiri wa Eldoret
Nilikaa Shimla siku tatu bila kumlipa mtu. Barabara ya Mall hairuhusu magari ya kawaida na imejinyoosha juu ya mgongo wa mlima, kwa hiyo huwezi kupotea. Anzia kanisa la rangi ya manjano pale Ridge, ule uwanja wa wazi juu ya mji, elekea magharibi, utapita ukumbi wa michezo wa Gaiety wa mwaka 1887, na ukikaza mwendo utafika hadi kwenye jumba la Viceroy, yule Mwingereza aliyeitawala India kwa niaba ya mfalme. Hiyo hela mnunulie mama sweta nzito. Desemba usiku kule maji yanaweza kuganda.

Mwalimu wa Kondele (Kisumu)
Msafiri, niwie radhi nikupinge, maana njia hiyo hiyo niliipita peke yangu mara ya kwanza. Nilisoma Chandigarh miaka miwili. Ijumaa moja nikapanda basi, nikapiga picha za kila paa na kila dirisha, nikarudi hosteli nikijua tu kwamba Waingereza walipenda kujenga kama kwao. Mara ya pili nilimlipa mzee mmoja, karani mstaafu, na hadi leo, nikiwa darasani nafundisha historia, bado naitumia asubuhi ile.

Mzee alianza na maji. Alitusimamisha Ridge akanyoosha mkono: mvua ikinyesha upande huu, maji yanateremka hadi mto Sutlej na kuelekea Bahari ya Arabu, ikinyesha upande ule, yanaingia Yamuna, kisha Ganga, mpaka Ghuba ya Bengali. Mawazo yangu yakaruka hadi msitu wetu wa Mau. Wewe wa Nakuru utanielewa. Mto Njoro unashuka ziwani kwenu, Sondu unashuka kwetu Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, na yote miwili inatoka msitu mmoja.

Kwa majumba hakukawia. Jumba la Viceroy lilimalizika 1888, likawa na taa za umeme tangu mwanzo, na sasa ni taasisi ya wasomi. Alichotaka tukielewe ni kingine. Kuanzia 1864 serikali ya Uingereza nchini India ilikuwa ikihamia Shimla kila kiangazi kukimbia joto la tambarare. Treni ilifika 1903. Akatuuliza: katika miaka hiyo yote ya katikati, faili, masanduku na makabati ya serikali nzima yalipandaje mlima huu?

Kisha akatuteremsha ngazi hadi Lower Bazaar. Ni uchochoro mrefu chini ya Mall, viungo, sufuria, washonaji, watu wanapishana bega kwa bega. Wapagazi wapo mpaka leo, wengi wao kutoka Kashmir, na nilimwona mmoja akipanda na jokofu mgongoni, kamba imemkata mabega. Hapo ndipo mzee alipotueleza begar. Sisi tungeiita shokoa. Wanakijiji wa milima ile walilazimishwa kuwabebea maofisa na wasafiri mizigo kwa ujira mdogo au bila chochote, hata kama ni siku za mavuno. Aliyesimama nao ni Mmarekani aliyehamia Kotgarh, kwenye milima hiyo hiyo, na kuoa huko, Samuel Stokes, baadaye akaitwa Satyanand. Ndiye pia aliyeleta miche ya matufaha mekundu kutoka kwao, na leo matufaha ndiyo yanayolisha familia nyingi za Himachal, jimbo lenye Shimla. Yeye na wanavijiji walipambana na shokoa ile hadi mwaka 1921 wakubwa wakalegeza kamba.

Nilijishika kwenye ukuta wa ngazi. 1921! Mwaka huo huo, tarehe 23 Desemba, watu wetu Waluo walikusanyika Lundha kule Gem, magharibi mwa Kenya, wengi wao waliosomea misheni, kulalamikia kodi, kipande (kile kitambulisho cha lazima cha wafanyakazi Waafrika) na kazi za kulazimishwa. Ndiyo Piny Owacho, yaani "nchi imesema", tunayowafundisha watoto kwa mistari minne ili wafaulu mtihani. Nimekulia kilomita chache kutoka Lundha, nikaja kuishika uzito wake nikiwa kwenye ngazi za soko la Wahindi.

Na reli pia. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kujenga reli yetu, wengi kutoka Punjab, ile tambarare iliyo chini ya milima hiyo. Waliifikisha Kisumu, enzi hizo Port Florence, Desemba 1901. Shimla yenyewe ilikuwa bado inangoja treni yake.

Kwa hiyo ndugu yangu, lipa. Ila kabla ya kulipa mwandikie mtembezaji hivi: nataka Lower Bazaar na habari za wapagazi, si majumba peke yake. Akikujibu kwamba huko chini ni uchafu tu, tafuta mwingine.

Mjukuu wa Fundi Reli (Nakuru)
Mwalimu umenigusa. Mtoto wa 58, kama muda upo msipande basi. Nendeni Kalka, karibu tu na Chandigarh, mpande ile treni ndogo. Kilomita 96, kama saa tano, mahandaki 102, na lile la Barog lina urefu wa zaidi ya kilomita moja. Upana wa reli ni sentimita 76 tu, wakati reli yetu ya zamani ni mita moja kamili. Kateni tiketi mapema, Desemba wageni ni wengi.

Mtoto wa Section 58 (Nakuru)
Asanteni sana, na wewe Mwalimu hasa. Lakini hizo ngazi zinanitia wasiwasi. Mama nimwache hotelini?

Mwalimu wa Kondele (Kisumu)
Usimwache. Hewa haitamsumbua, Shimla ni kama mita 2,200 na nyinyi Nakuru mmezoea 1,850. Shida ni goti, na goti bovu huumia zaidi kwenye mteremko. Kuna lifti ya kulipia kati ya Cart Road, barabara ya chini, na Mall. Muitumie bila aibu. Ridge ni tambarare na ina viti. Pembeni yake kuna Lakkar Bazaar, wanauza vitu vya mbao, mnunulie bakora siku ya kwanza. Asubuhi ngazi zikiwa na barafu asikanyage mpaka jua litoke. Mkipanda Jakhu kwenye hekalu la Hanuman, miwani iingie mfukoni, nyani wa pale wanaipokonya usoni.

Mtoto wa Section 58 (Nakuru)
Nimemsomea mama maneno yenu yote jioni hii. Pale kwenye shokoa alininyamazisha. Akaniambia babu yake alikuwa akibeba mizigo ya mzungu kule Njoro, kipande kikining'inia shingoni ndani ya kile kikopo cha bati, na kwamba yeye mama hajawahi kutuhadithia kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Sasa anasema ngazi za Lower Bazaar atazishuka, hata kama ni moja moja na bakora. Nimeshamwandikia mtembezaji. Mwalimu, mwanzo wa Lower Bazaar na mwisho wake ni ngazi ngapi hivi, nijue niombe muda kiasi gani?

Mwalimu wa Kondele (Kisumu)
Sikuzihesabu. Ombeni asubuhi nzima, na mama atangulie mbele aweke mwendo wake. Mkirudi, nileteeni hadithi ya huyo babu.