Mrejesho: jiko la kuchomea kwenye gesi ya karavani

Niliuliza kwa nini jiko langu la kuchomea samaki linatoa moto hafifu nikiliunga kwenye tundu la gesi ubavuni mwa karavani. Ahsanteni sana, sasa linawaka vizuri! Gesi ya tundu lile imeshapunguzwa presha na regyuleta (kifaa cha kupunguza presha) ya mtungi, hadi takriban inchi 11 za safu ya maji (kipimo cha presha ndogo ya gesi). Regyuleta ya jiko ilikuwa inaibana tena. Fundi wa hapa Malindi ameitoa hiyo ya jiko, akafunga mpira mpya wa gesi. Maungio ya mpira tukayapaka maji ya sabuni: hakuna povu, yaani gesi haivuji. Lakini jamani, jiko lililotolewa regyuleta lisiungwe kamwe moja kwa moja kwenye mtungi, presha yake ni kubwa mno. Samaki wangu aina ya changu wameiva mpaka mifupani.