Kubadilishana ala zilizotumika na mtu wa mbali

Muuliza swali: Muuzaji aliyeko nchi nyingine yuko tayari kunipa gitaa lake la akustika ili achukue klarineti yangu ya mpingo. Nitajuaje kwamba shingo ya gitaa hilo haijapinda?

Jibu la kwanza: Mwombe picha iliyopigwa kutoka kichwani mwa gitaa kuelekea kwenye daraja (kipande kinachoshika waya mwilini), pamoja na video ambamo anapiga waya mtupu, kisha waya huohuo ukiwa umebanwa kwenye freti ya 12 (freti ni vipande vya chuma vinavyokatiza shingo), kwa kuwa sauti hizo mbili zinapaswa kupishana oktavu moja kamili, yaani noti ileile ila ya juu zaidi.

Jibu la pili: Ni kweli, ila video yaweza kuwa ya gitaa jingine, kwa hiyo ionekane karatasi yenye jina lako na tarehe. Kuhusu mpingo, biashara yake ya kimataifa iliwekewa masharti ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) mwaka 2017, lakini ala zilizokwisha kutengenezwa ziliondolewa humo mwaka 2019. Gitaa likiwa na mbao za Dalbergia nigra ya Brazili, mti wa jamii moja na mpingo, hapo vibali ni lazima.

Muuliza swali: Ahsanteni. Nimeomba video siku tatu zilizopita, naye amenyamaza.

Jibu la kwanza: Basi usitume klarineti.