Tupeane uzoefu: klachi ya pikipiki inayoteleza, ulijuaje na ulifanya nini?

Gia ya Nne (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naomba tukusanye hapa visa vya klachi kuteleza, yaani pleti zake kushindwa kushikana na nguvu ya injini isifike yote kwenye tairi, kila mtu alete chake kilivyotokea. Sababu yangu ni moja: nimeona watu wengi mno wanafunguliwa injini kwa tatizo ambalo lilikuwa nje, kwenye waya wa klachi. Mimi ni mmoja wao.

Pikipiki yangu ni ya cc 125, gia tano, klachi yake ni ile ya pleti nyingi zinazokaa ndani ya oili ya injini. Tatizo lilianza taratibu. Nikiwa na mtu nyuma, mlimani, gia ya nne, nikiongeza resi injini inapaza sauti ghafla kama vile nimeshusha gia, lakini spidi haipandi. Nikipunguza resi inashika. Sehemu tambarare, peke yangu, hakuna kitu. Nikasema ni mzigo tu, nikaendelea nayo kama wiki tatu, mpaka ikawa inateleza hata kwenye kilima kidogo na nikishuka nasikia harufu ya kuungua.

Fundi akaisikiliza dakika moja akasema pleti zimekwisha. Akafungua, akaweka mpya, nikaondoka nimefurahi. Siku ya sita ikarudia vilevile.

Nilikaa chini pembeni ya pikipiki nikaanza kugusa kimoja kimoja. Nikashika mkono wa klachi kwa kidole kimoja, nikauvuta kidogo sana. Ulikuwa mgumu tangu mwanzo. Hakukuwa na ile sehemu ya bure kabla waya haujaanza kuvuta. Kule chini kwenye injini, ule mkono mdogo ambao waya umefungwa ulikuwa umekazika, hauchezi hata milimita moja. Maana yake klachi ilikuwa imebanwa nusu muda wote, kama vile kuna mtu ameishika. Na aliyekaza waya ule ni mimi, kwa sababu nilipenda klachi iachie upesi.

Nikalegeza mpaka ncha ya mkono ikawa na uhuru wa karibu milimita 15. Kuteleza kukaisha. Zile pleti za zamani nilizoambiwa zimekwisha nilikuwa nimezihifadhi. Nilipozipima unene kwa vernia zilisoma milimita 2.8, na kitabu cha pikipiki yangu kinaruhusu zishuke hadi 2.6. Zilikuwa na maisha.

Jambo ambalo wengi tunalielewa kinyume: pleti zikilika, uhuru wa waya unapungua, hauongezeki. Mkono unazidi kukaza wenyewe bila mtu kugusa. Kwa hiyo hata kama uliweka vizuri, lazima urudi kuangalia.

Haya, karibuni.

Mama Oili

Asante kaka kwa kuanzisha. Yangu haikuhusu waya kabisa, ilihusu kopo la oili.

Nilibadilisha oili Jumamosi, Jumatatu klachi ikaanza kuteleza. Pikipiki ambayo haijawahi kunisumbua. Kwa sababu ilikuja mara moja namna ile, nikarudi kwenye kopo na kulisoma, jambo ambalo nilipaswa kulifanya dukani. Ilikuwa oili ya gari, nyepesi, imeandikwa kwamba inapunguza msuguano na kuokoa mafuta. Kwenye gari ni sifa nzuri, maana klachi ya gari haigusani na oili ya injini. Kwenye pikipiki zetu nyingi oili ileile inayolainisha injini ndiyo inayopita katikati ya pleti za klachi, na pleti zinaishi kwa huo msuguano.

Siku hizi naangalia alama moja tu kabla ya kitu kingine: JASO MA au MA2. Hizo zimepimwa kwa klachi inayokaa kwenye oili. Kuna na JASO MB, hiyo ina msuguano mdogo, inafaa zile skuta ambazo klachi yake iko kavu nje ya injini. Herufi moja inabadilisha kila kitu.

Nilimwaga yote, nikaweka sahihi, nikaendesha siku chache, nikamwaga tena na kuweka nyingine kwa sababu mabaki hayatoki yote mara ya kwanza. Ikapona bila kufunguliwa. Nadhani ni kwa sababu niliiwahi.

Kiki Moja

Mama Oili umebahatika. Mimi niliendesha na oili ya namna hiyo miezi miwili, nikabadilisha oili mara tatu, wapi. Ilibidi zifunguliwe, na pleti zilikuwa zinang'aa kama kioo. Unene upo, ila hazishiki.

Mgeni Barabarani

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza, mimi ninapokaa hakuna mlima wa maana, nitajuaje kwa uhakika kwamba ni klachi na siyo injini kukosa nguvu? Yangu imekuwa nzito siku hizi.

Spana Mkononi

Marahaba mdogo wangu. Sikiliza sauti na uangalie spidi kwa pamoja, hapo ndipo jibu lilipo. Injini ikikosa nguvu, ukifungua resi sauti haipandi na spidi haipandi. Klachi ikiteleza, sauti inapanda na spidi inabaki. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Tafuta barabara iliyo wazi, weka gia ya juu kabisa, nenda mwendo wa kati, kisha fungua resi yote kwa mkupuo. Gia ya juu ndiyo inayoipa klachi kazi ngumu, kwa hiyo ugonjwa unajitokeza hapo kwanza. Kama una mshale wa mizunguko ya injini, utauona unaruka mbele halafu spidi inaufuata kwa kuchelewa.

Kipimo kingine cha kusimama: washa, shika breki ya mbele kwa nguvu, weka gia ya tatu, ongeza resi kidogo, achia klachi. Nzima itaizima injini papo hapo. Injini ikiendelea kunguruma huku umeachia klachi, hiyo imechoka sana. Ila usirudierudie, unaiunguza, na inayoteleza kidogo tu itakipita kipimo hiki.

Na kiki nayo inasema. Zile pikipiki zinazowaka kwa kiki zikiwa nyutro tu, nguvu ya mguu wako inapitia kwenye klachi kwenda injini. Ukipiga kiki ikashuka kwa urahisi bila injini kuzunguka vizuri, tilia shaka klachi.

Cheni Kavu

Naongezea hapo hapo kwa Spana, kwa sababu mimi nilidanganyika. Niliapa klachi inateleza. Nikiongeza resi kwa nguvu gia ya kwanza, inaachia. Nikanunua pleti kabisa. Rafiki yangu akaniambia nimpe aendeshe, akarudi akaniuliza, "Husikii inagonga?" Kweli, kila ilipoachia ilikuwa inasema *kak, kak*. Cheni ilikuwa inaruka meno ya sproketi ndogo ya mbele, meno yamechongoka kama ndoano na yamefichwa na kava. Klachi ikiteleza haigongi. Inapaa sauti laini tu.

Msasa na Kioo

Mimi nilifungua mwenyewe, nyumbani, na nitaeleza kirefu kwa sababu nilipata shida ambazo mtu anaweza kuziepuka.

Waya nilishaukagua, oili ilikuwa sahihi, bado inateleza. Nikasubiri injini ipoe, nikailaza pikipiki upande wa kushoto, ikaegemea vizuri, maana klachi yangu iko kulia. Ikilala hivyo hata oili huhitaji kumwaga. Nikalegeza waya, nikatoa boliti za kava kwa zamu, na nikazichomeka kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio ule ule, kwa kuwa urefu wake haulingani. Kava likagoma. Nikaligonga kwa mpini wa nyundo wa mbao pembeni, taratibu, likaachia. Usiingize bisibisi katikati ya kava na injini. Nimeona alama ya bisibisi iliyovujisha oili mpaka pikipiki inauzwa.

Yangu bamba la kubana liko nje, kwa hiyo nikitoa boliti nne zenye springi, pleti zinatoka zenyewe. Kuna nyingine lazima utoe nati ya katikati, ambayo ina kifaa chake. Tafadhalini msiipige kwa patasi. Vipande vya chuma vinaingia kwenye oili.

Nikapanga vyote juu ya gazeti kwa jinsi vilivyotoka: pleti tano zenye msuguano, nne za chuma. Za msuguano zilikuwa bado nene. Nikabaki nimeduwaa kidogo. Nikazichukua zile springi nne, nikazisimamisha kwenye kioo pembeni ya mpya. Zote zilikuwa fupi kuliko mpya, na mbili zilikuwa fupi zaidi, kwa karibu milimita mbili. Kumbe ndizo zilizochoka, hazina nguvu ya kubana.

Pleti za chuma nilizilaza moja moja juu ya kile kioo nikapitisha fila geji, kile kibamba chembamba cha kupimia mwanya, chini yake. Tatu zilikaa tuli. Moja ilikuwa na madoa ya bluu, rangi ya chuma kilichopata moto, na ukiibonyeza upande huu, upande ule unainuka. Hiyo niliitupa. Zilizobaki nilizipitisha kwenye msasa laini kwa mzunguko mpaka mng'ao ukaondoka, nikaziosha.

Kwa kuwa nimeshafungua, niliweka pleti za msuguano mpya pia. Nilizilowesha kwenye oili safi usiku mzima. Hili msiliruke. Pleti kavu ikianza kazi inaungua kabla oili haijaifikia. Boliti za springi kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, na usitumie nguvu ya bega. Zile nguzo zinazopokea boliti ni za aluminiamu na zikikatika umeingia gharama nyingine.

Nyekundu

Wenye klachi ya maji, ile inayosukumwa na maji maalumu kama ya breki, msijione mko salama kwa sababu hamna waya. Yangu ilikuwa inashika asubuhi, ikipata moto inateleza, ikipoa inashika. Ndani hakukuwa na kosa. Kule juu kwenye mkono kuna kitundu kidogo sana kinachorudisha maji kwenye kopo lake, kilikuwa kimeziba. Maji yakipata joto yanatanuka, hayana pa kwenda, yanaanza kuisukuma klachi yenyewe. Nilikisafisha, nikabadilisha maji, basi.

Mguu wa Kushoto

Na sisi wa zile za kubadili gia bila kushika klachi, za mtindo wa Honda Super Cub iliyotoka 1958? Nazo zinateleza, na watu hawajui kwamba zina skrubu ya kurekebisha nje, kwenye kava la kulia, katikati ya nati. Injini imezimwa, legeza nati, zungusha skrubu kulia mzunguko mmoja, irudishe kushoto mpaka uhisi imegusa, kisha kulia tena kidogo kabisa, kama moja ya nane ya mzunguko. Ishikilie hapo ukikaza nati. Yangu ilipona hivyo tu.

Gia ya Nne (mwanzisha mada)

Asanteni sana. Mgeni Barabarani, umeangalia yako? Anza na waya, halafu oili. Na uangalie vidole vyako vikiwa safarini: ukivilaza juu ya mkono wa klachi, uzito ule mdogo unatosha kuilegeza.

Mgeni Barabarani

Nimerudi, wakubwa. Gia ya tano, nilipofungua resi sauti ilipaa na spidi ikabaki, kwa hiyo ni klachi kweli. Mkono ulikuwa na uhuru wa kutosha, nikadhani siyo waya. Nikageuza usukani wote kushoto, uhuru ukapotea. Nimefuatilia waya mpaka chini ya tangi nikakuta umepinda vibaya, gamba limepasuka na nyuzi mbili zimekatika na kukunjamana ndani, kwa hiyo haurudi wote. Nimeweka mpya na kuupitisha njia yake. Leo jioni nimejaribu mara tatu, gia ya tano, resi yote. Inashika.