Kupimwa macho kwa sisi wa kisukari: unawekewa matone, unaachwa huoni, na majibu hupewi

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa bima, maana hapa siongelei bima.

Naongelea kliniki ya macho kwa sisi wenye sukari, kwenye hizi hospitali zetu kubwa za Dar. Ya kwangu siitaji. Nitarudi pale pale na kadi yangu, na anayejua maisha ya kliniki anajua jinsi faili la mgonjwa mlalamishi linavyoweza "kutoonekana". Halafu kila nikipiga stori na wenzangu wanaotibiwa kwingine nakuta ni yale yale, kwa hiyo mjue siwasemi watu wa jengo moja.

Tuelewane kwanza kwa nini tunaenda, maana kuna watu humu wataniambia "si uvae miwani tu". Ukiambiwa una kisukari cha aina ya pili, macho yanatakiwa yaangaliwe wakati huo huo, hata kama unaona vizuri, halafu angalau kila mwaka. Wa aina ya kwanza wanaanza ndani ya miaka 5 tangu waugue. Mama aliyeshika mimba akiwa tayari na kisukari ndiyo asisubiri kabisa, anaangaliwa mimba ikiwa bado changa na anarudi tena mbele ya safari. Sababu ni kwamba sukari inavila vimishipa vidogo vya damu vya nyuma ya jicho kimya kimya. Vinavuja, vingine vinaziba, jicho linaotesha vipya visivyo na nguvu, hivyo vinapasuka na damu inamwagikia ndani. Muda wote huo unaweza ukawa unasoma maandishi ya kwenye boksi la dawa vizuri tu. Huumwi chochote. Siku unaanza kuona madoa meusi yanaelea, ujue moto umeshashika nyumba, na leza au ile sindano ya ndani ya jicho kazi yake kubwa ni kuzuia yasizidi. Kilichokufa nyuma ya jicho hakifufuki.

Haya nimeyajua kwa kuhangaika mwenyewe. Kliniki ya kisukari nilichoambiwa ni "mama, pitia na macho". Basi. Pitia na macho, kama vile napitia sokoni kuchukua nyanya.

Sasa sikieni kupitia kwenyewe.

Unaambiwa uje asubuhi bila kula, kwa sababu sukari inapimwa kabla hujatia kitu tumboni. Sawa. Unapimwa, unaandikiwa, unatumwa jengo la macho. Huko foleni imeshajaa tangu saa kumi na mbili, na ukitoka kwenda kunywa chai namba yako ikiitwa haupo, unarudishwa mwisho. Kwa hiyo unakuta benchi zima la wagonjwa wa kisukari wana njaa, na humo wapo waliochoma insulini asubuhi. Nani aliyepanga hivi? Jirani yangu benchini, mzee wa makamo ya baba yangu, alianza kutoka jasho, mikono inatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki. Sisi wenyewe ndiyo tuliojua kwamba sukari imeshuka. Mama mmoja akatoa pipi mkobani, mwingine akamkimbilia muuza chai wa getini akaja na soda. Nesi alikuja mzee ameshaanza kurudi sawa, akauliza, "Nani ameruhusu soda humu ndani?"

Sina neno.

Halafu matone. Wanaokwenda mara ya kwanza wasikieni vizuri: watakuwekea matone ya kupanua mboni, maana bila mboni kupanuka daktari hawezi kuona vizuri nyuma ya jicho. Yanawasha kidogo, na inachukua kama nusu saa hivi kukolea. Baada ya hapo vitu vya karibu vinakuwa ukungu mtupu na mwanga wa jua unaingia kama umechomwa tochi. Hali hiyo inakaa saa kadhaa. Huendeshi gari, hushiki bodaboda, husomi. Mimi ni fundi cherehani, siku ya matone ni siku imekufa, uzi hauingii kwenye sindano hata nifanyeje, na hilo ningelijua mapema nisingempokea mteja wa nguo ya harusi ya kesho yake. Na mimi nina nafuu. Kulikuwa na kijana wa bajaji amekuja na bajaji yake ameipaki nje. Ameshawekewa ndipo anaambiwa, "Leo usiendeshe." Bajaji yenyewe ya mkataba, hesabu ya bosi jioni iko pale pale. Mnadhani alifanya nini? Aliendesha. Abiria waliopanda jioni ile hawajui walibebwa na mtu anayeona barabara nusu.

Kosa ni la nani hapo? Kuandika kwenye kadi "usije na chombo cha moto, njoo na mtu, njoo na miwani ya jua" kunahitaji wino tu.

Lakini lililonifanya nifungue uzi huu ni hili. Nimeshawekewa matone macho yote mawili, nimekaa nimefumba kama nilivyoambiwa, naitwa: "Mama, picha ya jicho hujalipia. Nenda dirishani." Dirishani nikaambiwa namba ya malipo imetumwa kwenye simu, nilipe. Nalipaje? Simu nimeishika naiona mwanga tu. Nikamwomba kijana aliyekuwa nyuma yangu anisaidie, Mungu ambariki, akaingiza namba ya malipo, akaingiza kiasi, akafika mahali akanyamaza. Akasema taratibu, "Mama, hapa inataka namba ya siri."

Nikaitaja. Kwa mdomo wangu, foleni nzima inasikia, namba ya siri ya simu yenye hela ya vitambaa vya wateja. Yule dada wa dirishani ananitazama. Hakuna aliyeona kwamba hapo kuna tatizo lolote, kwamba ingewezekana watu walipe KABLA ya matone. Nilipofika nyumbani kitu cha kwanza nilimpa binti yangu simu abadilishe.

Baada ya hapo daktari katoka, kaenda upasuaji. Simlaumu, ni wachache na nasikia mmoja anabeba kazi ya watatu. Ila sisi tumeshapanuliwa mboni tumekaa. Alivyorudi mboni za wengine zimeshaanza kusinyaa, tukawekewa upya. Na ile picha niliyoilipia kwa kutangaza namba ya siri? Mashine haikuwaka. Daktari akaniangalia kwa taa na lenzi, kulia, kushoto, angalia juu, angalia chini, akaandika, "haya mama, mwakani." Hela ya picha nikaambiwa nifuatilie uhasibu.

Nikauliza, "Daktari, macho yangu yakoje?" Akasema yanaendelea vizuri. Kwenye kadi nikakuta, kesho yake nilipoweza kusoma, NPDR. Nesi niliyempigia akasema, "Daktari ameshaandika hapo." Ndiyo, ameandika, mimi ndiye nisiyejua kaandika nini! Nilikuja kuelezwa na tabibu wa zahanati ya huku mtaani, kijana mdogo tu, kwamba maana yake madhara ya kisukari yameshaanza kwenye jicho, ila bado hatua ambayo vile vimishipa vipya havijaota, na kwamba huu ndiyo wakati wa kubana sukari na presha kwa nguvu zote maana bado kuna cha kuokoa. Sasa hilo ndilo "yanaendelea vizuri"? Mtu akinyimwa habari kama hiyo ataacha vipi soda na wali wa usiku? Ningeambiwa siku ile ile, kwa sentensi mbili, ningetoka pale na adabu.

Mdogo wangu yuko Uingereza, Reading, naye ana kisukari. Yeye anapata barua. Huko mwenye kisukari yeyote kuanzia miaka 12 anaitwa kupimwa macho, anapigwa picha, na barua ya mwaliko inamwambia kabisa usiendeshe, beba miwani yako yote, beba na ya jua. Majibu yanamfuata kwa barua ndani ya wiki 6 hivi. Tangu 2023 wakaanza hata kuwaruhusu ambao macho yao yamekutwa safi mara mbili mfululizo wapimwe kila miaka miwili. Na matunda yake yanaonekana: mwaka 2014 ulitoka utafiti kwamba kwa England na Wales kisukari hakiongozi tena kwa kupofusha watu wa umri wa kufanya kazi, kwa mara ya kwanza katika nusu karne. Nao wakahusisha hilo, pamoja na mengine, na huo upimaji. (Na bado mdogo wangu analalamika eti miadi ilimkatia siku ya kazi. Nikamwambia njoo Dar tubadilishane.)

Najua nitajibiwa Uingereza ni matajiri. Haya, tuache Uingereza. Kilimanjaro si hapa hapa? Watu wa hospitali ya KCMC walianzisha utaratibu wa kubeba kamera na kuifuata kliniki ya kisukari iliko, mgonjwa anapigwa picha za macho pale pale anapochukulia dawa. Maana yake hata kwetu ilishafikiriwa kwamba kumtuma mtu mwenye sukari jengo lingine na foleni nyingine ni kumwambia asiende. Na ndivyo inavyokuwa. Kwenye kundi letu la kliniki, wengi waliokwenda macho mara moja hawakurudi. Siyo ujinga wala kutojali, jamani, ni yale mateso.

Halafu kila Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, ikifika mahema yanafungwa, fulana zinagawiwa, tunatobolewa vidole bure, mgeni rasmi anahutubia kuhusu kutembea kwa miguu na kupunguza chumvi. Macho hayatajwi. Miguu inatajwa, angalau.

Sidai kamera mpya kesho. Nataka kadi iandikwe maelekezo, tulipe kabla ya matone, wagonjwa wa kisukari tuangaliwe mapema au turuhusiwe kula bila kupoteza namba, na mtu atamke majibu yangu kwa Kiswahili nikiwa nimekaa mbele yake. Hapo bajeti inaingilia wapi?

NYONGEZA: Naona mmeanza kunishambulia kwamba nawachukia manesi. Shangazi yangu amestaafu unesi, msinifundishe. Na wewe uliyesema eti nikanywe juisi ya karoti na majani ya mlonge macho yatafunguka, naomba usiwapotoshe watu, karoti haizibi mshipa unaovuja.

NYONGEZA 2: Wanaouliza hela ya picha, bado. Uhasibu wanataka risiti, risiti iko kwenye simu, wanataka iliyochapwa, ya kuchapa inatolewa na dirisha, dirisha wanasema mfumo hauruhusu kuchapa ya nyuma. Mwenye uzoefu na hili aniambie niandike barua kwa nani, mganga mfawidhi au moja kwa moja kwa mkurugenzi? Na mwenye kujua sehemu yoyote Temeke au Kigamboni ambapo kamera ya macho inafanya kazi na bei yake, aweke hapa chini, tuko wengi tunaosubiri.