Tupeane uzoefu: kolesteroli ilivyogusa mishipa yako au ya mtu wako

Mleta mada
Wakuu, salaam. Mzee wangu, miaka 67, akitembea toka Kariakoo hadi Mnazi Mmoja lazima asimame njiani. Vigimbi vinakaza na kuuma, akipumzika vinaachia, akianza tena vinarudi. Majirani wote walisema baridi yabisi. Daktari alimpima presha mkononi, kisha kwenye kifundo cha mguu, akagawa ya mguu kwa ya mkono: 0.7. Chini ya 0.9 maana yake damu haifiki vizuri miguuni. LDL, ile kolesteroli mbaya, 4.6 (kwa kipimo cha mmol/L). Mliopitia haya, mwili uliwaambia nini mwanzo?

Binti Pangani
Mimi haukuniambia kitu. Mwembamba, kilo 52. Kaka yangu alipofariki kwa moyo akiwa na miaka 39 ndipo nikapima: LDL 5.8. Nikaambiwa ikifika 4.9 ukoo uchunguzwe, huenda ni ya kurithi, ini linashindwa kuiondoa kwenye damu. Wanangu wamepimwa, mmoja anayo. Jamani, wembamba usiwape usingizi.

Fundi Seremala
Nasema wazi kwa faida ya wanaume. Nguvu zilipungua muda mrefu kabla kifua hakijaanza kubana. Daktari alinieleza mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo hulalamika mapema. Kabla ya kukimbilia vumbi la Kongo, kapime mafuta, sukari na presha.

Muuguzi
Fundi kagusa penyewe. Wengi wanadhani shida huanza mshipa ukiziba, kumbe huanza mapema zaidi. Utando wa ndani wa mshipa hutoa gesi ya naitriki oksaidi, inayoulegeza utanuke damu nyingi ikihitajika. Waliogundua kazi ya gesi hiyo mwilini walipewa Nobel mwaka 1998. LDL ikizidi hupenya ukutani na kuharibikia humo, gesi inapungua, na mshipa ulio wazi bado unashindwa kutanuka. Sigara huharibu utando huohuo. Mzee wa mleta mada ameshavuka hapo, yake imesinyaa. Atembee mpaka maumivu yamkaze, apumzike, aendelee. Hiyo ni tiba kabisa.

Mama Lishe Tanga
Dumu la mawese limeandikwa “haina kolesteroli”. Kweli, mmea hauna. Ila mawese na tui zito vina mafuta yanayopandisha LDL yako mwenyewe. Tui zito nimeliachia sikukuu.

Mleta mada
Muuguzi, mzee kapewa simvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, anywe usiku. Akisahau?

Muuguzi
Asimeze mbili kesho yake. Usiku ni kwa sababu ini hutengeneza kolesteroli zaidi wakati huo, na dawa hiyo haikai sana mwilini. LDL ikishuka asiache mwenyewe. Misuli ikimuuma mwili mzima au mkojo ukiwa mweusi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.